Bili ya Maji Analipa Khamisa

Mimi Mbithe sina subira na watu wanaotisha wapangaji, kwa hivyo mkisikia sauti yangu inapanda, mnivumilie. Nataka kuwaambia habari za jirani yangu Khamisa, ambaye huku Makongeni tunamwita Mama Zuhair. Anapika chapati na maharagwe, anawauzia wafanyakazi wa Eneo la Viwanda, pale nje ya geti la kiwanda ninachofanyia kazi mimi mwenyewe. Mume wake alipomwachia watoto akahamia Mugutha, Khamisa hakulia mbele ya mtu. Alinunua sufuria kubwa zaidi.

Ploti yetu, hizi nyumba za kupanga zenye geti moja, ina mita moja ya maji, iko ukutani karibu na geti. Mwenye ploti anakaa Ruiru, na msimamizi wake ni Maina, ambaye amepewa nyumba namba moja. Kila mwezi Maina alikuwa anapita mlango kwa mlango akichukua pesa ya maji, taslimu, mkononi, halafu ati anaenda kulipa. Siku ya kulipa inapita, maji yanakatwa. Ukimuuliza, anakwambia mitambo ya kampuni ilikuwa na shida, na wewe mama unajua nini mambo ya mitambo. Mitambo gani hiyo inayongoja siku ya bili ndiyo iharibike, halafu inapona Maina akishapata mshahara? Nilikuwa namchukia mpaka nasikia joto kifuani.

Lakini tulinyamaza, na kosa lilikuwa letu sote. Tulidhani bili hulipwa na yule aliyeshika karatasi. Karatasi ilikuwa kwa Maina, basi tukamwona yeye ndiye maji.

Maji yakikatwa mimi nateseka, lakini kazini nafika. Khamisa bila maji hakandi unga. Mara ya mwisho alikosa siku kadhaa, na aliporudi getini akakuta mama mwingine ameketi pale pake na wateja wamemzoea. Alibishana mpaka akapata nafasi yake, ila jioni alikuja kwangu akaketi kitandani. "Dada Mbithe, ikitokea tena hiyo nafasi siipati," akaniambia. "Nitawalisha nini watoto wangu?"

Mwezi uliofuata fundi wa kampuni ya maji akaja na spana yake. Khamisa akaacha unga kwenye karai, akaenda akasimama kati ya fundi na mita.

"Kaka, hapa hukati. Sisi tumelipa, tumempa mtu."

"Mama, mtu wenu mimi simjui," fundi akasema, na alikuwa mtu mpole tu. "Akaunti ni hii hapa, na haijalipwa. Hata wewe unaweza kuilipa sasa hivi kwa simu."

"Hata kama si jina langu?"

"Kampuni haiulizi simu ni ya nani. Inauliza pesa imeingia."

Khamisa akalipa palepale kwa pesa yake ya unga. Fundi akaangalia simu yake, akarudisha spana kwenye mkoba, akamwambia siku njema.

Jioni hiyo Khamisa akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp. "Kuanzia leo, pesa ya maji tumeni kwangu kabla ya tarehe tano. Nitalipa kwa simu, na ujumbe wa kampuni nitauweka hapa kila mtu ausome." Mimi nilituma wa kwanza. Mzee Mwau wa nyumba ya mwisho akauliza Maina atasemaje. Nikamjibu kwamba Maina aseme apendavyo, sisi tunaoga. Basi wakatuma, wengine kwa kusukumwa, na mwezi uliofuata pia wakatuma bila kusukumwa. Maji hayakukatika tena.

Maina akaja Jumamosi asubuhi na kufuli mkononi, watu wote wakiwa nyumbani.

"Wewe Mama Zuhair, nani amekufanya mkubwa wa hii ploti? Kazi ya maji ni yangu. Iache, ama nafunga hii nyumba leo."

Khamisa alikuwa mlangoni pake anasukuma chapati. Hakuinuka.

"Funga. Kodi nimelipa, na mwenye ploti ameipokea kwa simu yake huko Ruiru. Mpigie kwanza, umwambie unanifungia kwa sababu maji yanatoka."

Mzee Mwau akatoka nyumbani kwake, yeye aliyekuwa anaogopa, akaja akasimama karibu na jiko. Wengine wakamfuata. Mimi nilikuwa na mwiko, na ningeutumia, sitawadanganya.

"Sasa mnataka nini?" Maina akauliza.

"Nyumba zote zimetuma pesa ya mwezi huu," Khamisa akasema. "Imebaki namba moja."

Hapo ndipo tulipoelewa. Miaka yote hiyo maji ya Maina tulikuwa tunamlipia sisi. Hakuna aliyecheka. Maina akatuangalia mmoja mmoja, akatia kufuli mfukoni, akatoa simu. Muda si muda simu ya Khamisa ikalia kwenye meza ya unga.

Akaisoma polepole. "Hii ni ya mwezi huu," akamwambia. "Bado ya mwezi uliopita."

Na hakushika tena kisukumio mpaka simu ilipolia mara ya pili.