Kila Siku Alionja ya Jana

Kila asubuhi, kabla hajaosha uso, shangazi yangu alikwenda kisimani, akachota kiganja cha maji, akayazungusha mdomoni, akatema. Akisema "Matamu," ndoo zinashuka. Kisiwa chetu kina kisima kimoja, na bahari haiko mbali nacho. Chumvi ikianza kupenya, kisima hupumzishwa, watu wakanywa ya mvua mpaka kipone. Muonjaji ni mmoja, na hakuna anayeonja nyuma yake. Ndivyo tulivyokuta.

Mwaka ule mvua ilitupa kisogo. Matangi yakakauka, kikabaki kisima tu. Shangazi akaendelea kusema "Matamu," na sote tulitaka kusikia neno hilo. Chai ikibadilika ladha, tunalaumu majani. Mke wa seremala, mjamzito, akavimba miguu, wakasema ni mtoto wa kiume huyo, mzito.

Meli ya mizigo ikamleta mdogo wake seremala, aliyekuwa bara. Akapewa maji, akayatema pale pale.

"Shemeji, umenipa ya kuchemshia mihogo?"

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka. "Ulimi wako umeharibiwa na soda, mwanangu."

"Haya, mama, onja yangu." Akampa chupa aliyotoka nayo bara.

Shangazi akaonja ya chupa, kisha ya kisima. Akarudia. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Meli ile ile ilimpeleka mke wa seremala hospitali ya bara. Alirudi peke yake, tumbo halipo na mtoto hayupo. Nesi alisema ni chumvi. Kisima kikafunikwa mbao, tukawa tunaletewa maji kwa mapipa. Njiani watoto walimwita shangazi Bi Matamu.

Seremala alikuja kwetu, akakataa kiti.

"Dada, sikuja kugombana. Niambie tu, ulikuwa unaonja nini?"

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Nilikuwa naonja ya jana, kaka. Kila siku nalinganisha na ya jana, naona ni yale yale."

Seremala akaondoka bila kuaga.

Mvua iliporudi, mbao ziliondolewa. Asubuhi hiyo shangazi akaamka na ndoo yake, uso haujaoshwa, nami nikamfuata. Tulikuta wanawake watatu wanaonja kwa zamu, wakibishana. Walimwona. Hakuna aliyempisha.

"Yakoje?" akauliza.

Wakatazamana. Mmoja akachota tena, akampa mwenzake.

Akaweka ndoo chini, akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya gatini, ambako meli ilikuwa inapakia. Nilidhani anakwenda kutazama tu.

Ndoo niliirudisha mwenyewe.