Jiko la Bi Mwanasha

Mwisho wa Mei, upepo unapoanza kupanda kutoka bonde la Ruvuma na kuuma masikio ya watu wa Newala, simu ya Dorika haitulii. Mwaka mzima watu humsahau. Kipupwe kikikaribia, kila mwenye nyumba hukumbuka kwamba jiko lake limepasuka, bomba limeziba, au moshi umeamua kulala ndani pamoja na wanawe. Dorika ndiye fundi wa majiko ya udongo hapo Makote, na ukimwuliza nani alimfunza, atacheka na kukujibu, "Moshi."

Hasemi uongo. Miaka kumi na sita iliyopita, binti yake Flora akiwa mchanga na kifua kikimbana kila baridi ilipoingia, Dorika alikwenda Lulindi kumsalimia dada yake, Ethel. Huko aliona jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Alilizunguka, akalipima kwa viganja, akarudi nyumbani na kujenga lake. Likatoa moshi mdomoni badala ya bombani. Akalibomoa. La pili likabomoka lenyewe, bado bichi.

"Mama Flora," mumewe Petro alimwambia, "sasa hata kuku wanaogopa kuingia jikoni."

La tatu likawaka. Jioni hiyo Petro alivuta kigoda karibu na moto, akanyoosha miguu, akakaa hapo mpaka ugali ulipoiva.

Mtu wa kwanza kumwita kwa kazi alikuwa Mzee Abdulazizi, mkulima wa korosho wa kijiji jirani. Watu walikwenda kulitazama jiko lake kama wanavyotazama mtoto mchanga, kisha wakamwita Dorika na wao. Ndiyo maana mwaka huu, mzee alipopiga simu kusema kwamba jiko lina mafua kidogo tu, aje alikandike, Dorika aliacha kazi nyingine zote akaenda.

"Shikamoo, Baba Anwari."

"Marahaba, fundi wangu. Karibu. Ni kazi ndogo tu, saa moja haifiki."

Dorika aliingia jikoni, akapiga magoti na kugonga ukuta wa jiko kwa kifundo cha kidole. Likalia kama chungu chenye ufa. Aliingiza mkono ndani, ukatoka na bonge la udongo uliogeuka unga. Juu, bomba lilikuwa limejaa masizi ya kuni za mkorosho, magumu kama lami. Akatafuta mahali pa kuyatolea, hakupaona. Hapo akatambua kwamba aliyelijenga bila mlango wa kusafishia bomba ni yeye mwenyewe.

Alitoka nje akijifuta mikono. "Baba, hili limekufa."

"Limekufa? Hili lililopika pilau ya harusi tatu za wanangu? Kandika tu, mama, litapona."

Mkewe, Bi Mwanasha, alikuwa amesimama kando akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Dorika akamgeukia. "Na wewe, Mama, unasemaje?"

"Mimi? Tangu lianze kuumwa sijaulizwa."

Mzee alikohoa kidogo, akatazama mikorosho yake. Dorika akafikiri, kisha akasema kwa adabu zote, "Basi, Baba, kabla sijakandika, ningeomba utuchemshie chai kwa mkono wako. Nataka nilisikilize linavyowaka."

Mgeni akiomba chai, mwenye nyumba hana pa kukimbilia. Mzee Abdulazizi alikunja mikono ya shati, akaingia jikoni kifua mbele. Wakamsikia akivunja vijiti. Wakamsikia akipuliza, akakohoa, akapuliza tena. Moshi ukatoka dirishani, ukatoka mlangoni, ukatoka chini ya paa, kila mahali isipokuwa bombani. Mwishowe akatoka mzee mwenyewe, kofia mkononi, machozi yakimtiririka mpaka ndevuni.

"Bomoeni," alisema.

Bi Mwanasha alicheka mpaka akaketi chini. "Miaka minne, Mama Flora! Miaka minne nalia humo kila asubuhi, ananiambia ni vitunguu!"

Walipotulia, Dorika aliona si haki kunyamaza. Angeweza kuzisingizia kuni. "Kosa ni langu," alisema. "Sikuweka mlango wa kusafishia. Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa unajifunza," Bi Mwanasha alimjibu, "na sisi tulikuwa tunakula. Haya, tujenge."

Kazi ilichukua siku nne. Udongo ulitoka kwenye kichuguu nyuma ya shamba, ukachanganywa na mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Maji ndiyo yaliyosumbua, kama kawaida ya huku juu. Mzee aliyafuata kwa baiskeli kwenye gati la maji, pale wanakijiji wanapochota, madumu mawili kila safari, bila kunung'unika. Mara hii Dorika hakupima kwa viganja vyake. Bi Mwanasha alisimama na sufuria yake mkononi, akasonga ugali wa hewani, na Dorika akaweka alama ukutani pale kiwiko kilipopumzika bila mgongo kuinama. Chini ya bomba akaacha mlango mdogo wa bati.

Kisha ikabaki kungoja. Jiko bichi halitaki pupa. Likiwashwa mapema hupasuka. Ukungu ulishuka wiki ya kwanza ya Juni, mzito hata mbuzi wakawa sauti tu, na familia ikapikia nje kwenye mafiga ikijifunika mablanketi. Kila asubuhi mzee alipiga simu. "Fundi, mimi naona limekauka." Kila asubuhi Dorika alimjibu, "Bado, Baba." Siku ya kumi Bi Mwanasha alimkuta mumewe jikoni na kiberiti. Tangu hapo mlango wa jikoni ulifungwa, na ufunguo ukakaa kwenye fundo la kanga yake.

Wiki tatu zilipotimia Dorika alikuja na vijiti vikavu, akamwachia Bi Mwanasha awashe. Moto ulivuta pumzi, ukanguruma kidogo. Wote watatu wakatoka mbio kutazama juu ya paa: moshi mwembamba ulikuwa unapanda, ukapotelea kwenye ukungu. Ndani hewa ilikuwa safi. Walikunywa chai na mihogo ya kuchemsha, migongo yao ikiegemea ukuta uliokuwa ukipata joto polepole, na Mzee Abdulazizi akasinzia kikombe kikiwa mkononi.

Kabla Dorika hajaondoka, aliwaonyesha namna ya kufungua ule mlango mdogo na kukwangua masizi kila mwezi. Akatoa brashi yenye mpini mrefu, akamnyooshea mama. Bi Mwanasha akaipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi mumewe.

"Mimi napika," alisema. "Wewe, Baba Anwari, utapiga mswaki."

Na anapiga kweli. Mwezi Julai Dorika alipita njia ile akielekea kwa mteja mwingine, akamwona mzee kibarazani anakung'uta brashi, pua na ndevu nyeusi tii. Alimwamkia kutoka barabarani.

"Marahaba!" mzee alijibu kwa sauti. "Pita ndani, fundi, kuna joto!"