Wastani wa Shule Yetu

Shule yetu ilianzia katika ghala la viazi karibu na Mweiga. Mwanzilishi wake, mwalimu mstaafu tuliyemwita Madam, alipokea wanafunzi waliokataliwa kwingine: waliozaa, waliofukuzwa kwa utundu, na hasa walioambiwa kabla ya mtihani wa kidato cha nne kwamba wangeshusha wastani wa alama za shule. Hao wa mwisho ni wengi huku kwetu. Mtoto mzito wa kuelewa huombwa kwa upole atafute shule nyingine. Upole huo hunichukiza kuliko kiboko.

Nilifundisha hesabu hapo. Miaka ya kwanza hakuna aliyetujali. Kisha wanafunzi wetu wakaanza kupita mtihani, na hata wazazi wa mbali, kama wa Gatitu, wakatuletea watoto. Tukapaka lango rangi na kuandika wastani wetu kwa herufi kubwa, kama shule nyingine zote.

Ndipo akaja msichana wa Timau, aliyekuwa ameacha shule akachume maua kwenye mashamba ya huko. Sasa alikaa kwa shangazi yake Mweiga. Bidii alikuwa nayo, lakini hesabu ilimkataa katakata. Usajili wa mtihani ulipokaribia, mwenyekiti wa wazazi alisimama mkutanoni.

"Madam, hatuna ubaya na yeye. Lakini huyu atatuvuta chini. Si angoje tu mwaka ujao?"

Wazazi wakaitikia. Binti wa mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa ameletwa kwetu baada ya shule moja ya mjini kumwambia maneno hayo hayo. Nilimkodolea macho mzee yule mpaka akatazama kando.

"Akitoka hapa ataenda wapi?" Madam akauliza.

Kisha akaendelea na habari ya unga wa uji wa wanafunzi. Msichana akasajiliwa.

Alipata D. Alifurahi kweli, kwa sababu kwao hakuna aliyewahi kuufanya mtihani huo. Watahiniwa wetu walikuwa wachache, na wastani wetu ulishuka vibaya. Mwenyekiti akamhamishia binti yake shule nyingine yenye jina mjini, na akazunguka sokoni akisema sisi tumekwisha. Nilimchukia, sifichi.

Muhula wa pili haujaisha, nilimwona akiingia langoni na binti yake, begi mkononi. Shule ile ilikuwa imemwomba binti, kwa upole, atafute nyingine kabla ya usajili. Maneno yangu yalikuwa tayari, nimeyanoa tangu siku ya mkutano. Madam akanitangulia.

"Mtoto amekula?"

Mzee akatikisa kichwa. "Madam, mimi niko na aibu hata sijui nianze wapi."

"Aanze na uji. Halafu Mwalimu atampeleka darasani."

Mzee akalia pale pale mbele ya binti yake. Nikachukua lile begi, nikatangulia jikoni.