Kengele ya Mdomo

Baba alinyang'anywa baiskeli mbele ya kituo cha polisi cha Kikula kwa kosa la kutokuwa na kengele. Haikuwa na breki pia, wala taa, lakini askari waliona kengele tu. Ilikuwa miaka ile ambayo kiwanda alichofanyia kazi baba kilibaki geti na mlinzi wa geti. Baba, fundi mitambo, akawa anakwenda ziwani Tshangalele kuchukua samaki na kuja kuwauza mjini. Baiskeli ndiyo iliyotulisha. Siku ile aliingia uani kwa miguu.

Mama alifunga kitenge upya, akaniambia nimfuate. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi iliyofungwa, na nilikuwa na hasira ya kutosha kituo kizima. Njiani niliandaa hotuba kwa Kifaransa, yenye sheria ndani yake.

Komanda mpya wa kituo alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, kwa kuwa viti vilikuwa vimeshaondoka na komanda wa zamani. Baiskeli yetu ilikuwa imeegemezwa nyuma yake. Nikafungua mdomo, lakini mama akaniwahi. Alikuwa amemsikia yule bwana akiwafokea askari wake, na lafudhi ile aliijua.

"Weye, kwenu ni wapi?"

Komanda akataja kijiji cha upande wa Luapula.

"Na ukoo ya mama yako?"

"Siye ni bantu ya Mbuzi," akajibu kabla hajafikiri kwa nini anahojiwa yeye.

Mama akapiga makofi. "Mbuzi! Shi minye ni Chui! Kumbe tuko tunaogopa chakula yetu!"

Kwa watu wa upande ule, koo za Chui na Mbuzi ni watani. Sisi tunauita utani huo bunungwe, na mtani tunamwita mnungwe. Mtani wako anakutukana mbele za watu nawe unacheka. Anachukua kitu chako mchana kweupe nawe unamsindikiza. Kukasirika ni aibu kubwa kuliko kuibiwa. Na ukifa, yeye ndiye anayekuzika, huku akikucheka.

Askari waliduwaa. Komanda alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mama akaishika baiskeli kwa usukani na kuanza kuondoka nayo.

"Na kengele?" askari mmoja akauliza, maskini, akijaribu kuokoa kazi yake.

"Minye njo kengele," mama akasema, akatoka getini akilia kwa mdomo: ngrii, ngrii.

Hotuba yangu ilibaki tumboni. Nilifurahi, nakiri, kwa muda wa kufika nyumbani. Wiki haikuisha, komanda akaja uani kwetu, akatukana sombe ya mama, mboga ya majani ya muhogo, akaimaliza, kisha akaondoka na baiskeli. Mama alimsindikiza hadi barabarani akishika mbavu kwa kicheko.

"Mama, ile ni chakula yetu inaenda!" nikamwambia.

"Nyamaza. Mnungwe, habamukasirikiaka."

Ikawa hivyo. Mama anaichukua, komanda anaichukua. Tulikula samaki kwa zamu ya mizaha. Asubuhi baba alitoka chumbani na kuuliza kwa upole, "Leo kinga iko wapi?" akiiulizia baiskeli kama mtu anayeuliza habari za mvua, na kama ilikuwa kituoni alirudi kulala. Baba hakuwa Chui wala Mbuzi. Yeye peke yake katika nyumba ile alikuwa na haki kamili ya kukasirika, na Mungu hakumjalia kipaji hicho. Mimi kipaji ninacho, lakini ukoo nimeurithi kwa mama, kwa hiyo nilikuwa Chui mwenye kinywa kilichofungwa. Nilikuwa nikipika bukari, ugali wetu, nikigonga sufuria kwa nguvu.

Zamu yetu ilipofika, baba alipita mbele ya kituo akilia ngrii kwa mdomo, mzee mwenye mvi na koti la kanisani. Askari walimjibu ngrii kutoka barazani. Mwanzoni alifanya hivyo kwa hofu. Baadaye nilimwona akipunguza mwendo apate kujibiwa vizuri.

Majirani ndio walioligeuza jambo hili kuwa ofisi. Mtaani kwetu hakuna aliyekwenda polisi kwa hiari yake. Ukiibiwa unanyamaza, maana ukipeleka shauri utarudi bila viatu. Sasa walikuja kwa mama, wanamnong'oneza, naye analigeuza shauri kuwa tusi. Jirani mmoja alichukuliwa kuku na askari. Mama akamngoja komanda aketi.

"Mbuzi weye! Batoto yako ya kazi banakula kuku ya bantu. Ni mbuzi ya wapi inakulaka kuku?"

Komanda alicheka, akaenda zake. Kesho yake kuku akarudi. Hakuwa yuleyule, lakini mwenye kuku alimpokea kwa sababu huyu alikuwa mnene zaidi.

Naye komanda, alipotaka watu waache kukata waya za umeme, alisimama mlangoni kwetu akapiga kelele kwamba Chui ni mnyama mchafu anayelala gizani, ndiyo maana jamaa zake wanapenda giza. Mtaa mzima ulielewa. Waya zilikaa kwa muda.

Kisha likaja agizo kutoka juu kwamba polisi na raia wajenge kuaminiana. Komanda akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule yangu. Kuitwa na polisi ni kuitwa na polisi: watu walikimbia mpaka mashambani. Komanda alisimama mbele ya madawati matupu na mbele ya mama, aliyekaa dawati la mbele kabisa. Wakatukanana mchana mzima. Nilikuwa nimesimama darasani, na kupitia dirishani niliona vichwa vikiinuka nyuma ya ua wa shule na juu ya ukuta wa kanisa. Watu walikuwa wamerudi kusikiliza, mradi wasihesabiwe kuwa wamehudhuria.

Mwishoni komanda alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu.

"Chui, minye niko pekee hapa," akasema. "Siku nitakufa, hii bantu itanizika?"

"Minye njo nitakuzika. Nitakuzika mubaya sana," mama akajibu.

Komanda alipumua, nikamwona anapumua. Ni hapo nilipoanza kupunguza kelele za sufuria.

Msimu wa mvua komanda aliugua homa. Hospitali ilikuwa na vitanda, dawa hakuna. Mama alimpelekea uji na kumtukana kila kijiko. Nilikwenda naye, nikamkuta mtu mdogo ndani ya shati kubwa, na baiskeli yetu imeegemezwa kichwani pa kitanda chake, maana ilikuwa zamu yake. Alifariki asubuhi moja kabla mama hajafika na uji.

Kilio kilikaa uani kwa kituo. Askari wake walikoka moto, wakangoja. Watu wa Kikula walikuja, kweli walikuja wengi, lakini walisimama nje ya ua. Kila mmoja alikuwa na ndugu aliyewahi kuingia mle bila kutaka. Mama akavaa kofia ya marehemu, akaketi juu ya kreti yake, akaanza kuwakamata waliosimama nje.

"Weye! Shati yako haina na kengele! Ingia! Weye mama, na ile kichwa haina kengele, ingia, mbio!"

Wakaingia, wanacheka na kulia, wakakaa chini pamoja na askari. Sikuwahi kuona kitu kama hicho, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira kwamba ilimbidi mtu afe.

Gari la kupeleka jeneza halikuwepo. Baba, ambaye kwa muda wote huo alikuwa hajalalamika hata mara moja juu ya baiskeli yake, aliitoa kituoni, ilikorudishwa kutoka hospitali, akafunga jeneza juu yake kwa mipira ya kufungia mizigo. Askari wakataka kuisukuma. "Nitaisukuma minye," baba akasema.

Kwenye njia ya makaburini kulikuwa na kizuizi cha askari wa kituo kingine, kamba iliyofungwa kwenye miti miwili. Waliangalia jeneza, wakaiangalia baiskeli kwa makini zaidi.

"Kinga haina na kengele."

Askari wetu wakasogea mbele na sare zao. "Ni komanda yetu!"

"Komanda ao haiko komanda, kengele iko wapi?"

Wote tukamgeukia mama. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kofia ya marehemu bado kichwani. Sijawahi kumwona mama akikosa neno, si kabla ya siku ile wala baada yake. Baba alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili, jeneza likianza kuinamia upande mmoja.

"Ngrii," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo na mbaya. Nikarudia kwa nguvu, nikimtazama machoni yule wa kamba. Baba akafuata. Askari wetu wakafuata, kisha mwenye kuku, kisha kilio chote, wanawake na wanaume, barabara nzima ikalia ngrii, ngrii, mpaka yule askari akaiacha kamba ianguke yenyewe na kutazama pembeni.

Tukapita. Mama aliweka mkono juu ya jeneza kulizuia lisianguke.

"Mbuzi weye," akamwambia polepole. "Sasa uko na kengele."