Jalada Laini

Mimi ni mtu wa bei. Watu wa Bulyaga, mtaa wetu hapa Tukuyu, wananijua. Nikienda kununua sahani nazunguka maduka saba kisha narudi la kwanza, na mume wangu Mudathiri husema hata siku ya kufa nitafufuka kidogo nimuulize muuza sanda mwisho wake ngapi. Nacheka naye. Babu yangu alikuja Tukuyu kutoka Kilwa kuuza vitambaa, biashara tumezaliwa nayo, na sikuwahi kuionea aibu mpaka mwaka juzi, aliponijia bibi Winfrida wa Lufingo.

Nina steshenari ndogo. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni wasizoziweza. Bibi aliingia Alhamisi moja ya Machi, mvua imemlowesha khanga yote, akasimama pale mlangoni akiogopa kunichafulia sakafu.

"Mugonile, bibi," nilimsalimia kwa Kinyakyusa. "Ingia tu, sakafu itapigwa deki."

"Ndaga, mwanangu. Ndiye wewe Najati wa kompyuta?"

"Ndiye mimi."

Akatoa kifuani mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Imechanika kwenye mikunjo, imeshikizwa na selotepu iliyogeuka njano. Humo kulikuwa na jina la kitabu cha Kiingereza, refu mno, kuhusu migomba na mashamba na koo za Rungwe, na chini yake jina la mwandishi.

"Nataka hiki," alisema. "Nimeambiwa wewe unatafuta vitu huko mbali, unaviona na bei yake."

Nikamtazama. Bibi wa miaka sabini, ndala za matairi, vidole vimepasuka kwa jembe. Nami mdomo wangu haujui kukaa. "Bibi, hiki cha maprofesa! Utakisoma lini, ukimaliza kupalilia?"

Alicheka pia, Mungu amlipe. Kisha akaniambia, na kicheko changu nikakimeza.

Miaka ya themanini alikuja Lufingo mtafiti Mzungu. Watu walimpa jina la Lusako. Alipima mashamba, akahesabu mashina ya migomba, akapiga picha. Siku moja akampiga picha mtoto wa bibi Winfrida, binti yake wa kwanza, Tupokigwe, amebeba beseni la mapera. Mtoto alikuwa na miaka saba. Mwaka uliofuata surua ikamchukua. Picha nyingine bibi hakuwa nayo, maana wakati ule nani Lufingo alikuwa na kamera?

Miaka mingi baadaye mwalimu Erasto, jirani yao, alikwenda kusoma Dar es Salaam, akakikuta kitabu cha Lusako maktaba ya chuo. Alirudi likizo akamwambia, "Nimemwona mtoto wako kitabuni, na beseni lake." Akamwandikia jina la kitabu kwenye ile karatasi. Mwalimu naye amekwisha kufariki. Karatasi ndiyo imebaki.

"Sasa mbona leo, bibi? Miaka yote hiyo."

Alikaa kwenye stuli ya wateja. Mwanawe wa pili, Jairo, anayefanya kazi Tunduma, alikuwa ameamua kuyajengea makaburi ya nyumbani, yale mawili yaliyo nyuma ya nyumba kwenye migomba. La baba yake, mzee Abrahamu, litawekwa vigae na picha juu. Picha ya mzee ipo, ilitolewa kwenye kadi ya kupigia kura, fundi Hosea ameshaipeleka Mbeya ikachapwe kwenye kigae. La mtoto halina picha.

"Kabuli lenyewe dogo," alisema. "Wageni wanapita wanadhani ni jiwe la kufulia. Mwaka jana mmoja aliweka ndoo juu yake. Lakini si hilo tu, mwanangu. Sula yake imenitoka."

Bibi alikuwa hatamki r, na siku nyingine ningemtania.

"Imekutoka vipi?"

"Sauti naisikia. Miguu naiona, alikuwa na kovu hapa, gotini. Ila usoni, nikitaka kumwona, naona uso wa Jailo. Kila siku naona wa Jailo. Nikifa hivi, huko nitamjuaje?"

Jamani. Nina watoto wawili, na simu yangu imejaa picha zao mpaka inagoma. Nikawasha kompyuta.

Kwanza niliwaza bure, kama kawaida yangu. Nikampigia kaka yangu Saad aliyeko Dar, nikamwambia aende maktaba ya chuo apige picha ukurasa mmoja tu. Alikwenda. Akaambiwa kitabu kimo kwenye orodha ila rafuni hakipo, na hakuna ajuaye kilipoishia. Mwandishi naye, nilipomtafuta, nikakuta tangazo la msiba wake la miaka mingi nyuma. Basi ikabaki kununua.

Hapo ndipo nilipokuwa nyumbani. Nikamfungulia bibi maduka ya vitabu ya nje, moja baada ya jingine, yeye amesogeza stuli karibu anaota joto la mashine. Duka moja la Uingereza lilikitaka paundi ishirini na nane, na nauli karibu sawa na kitabu chenyewe. La Marekani lilikuwa nafuu lakini halitumi Tanzania. Jingine lilikitaja bei ndogo hadi nikashangilia, kumbe ni cha kusomea kwenye simu, na kwa mwezi mmoja tu. Kitabu kilekile, dunia nzima inakuuzia kwa namna yake! Nikawa namweleza bibi kwa shilingi, naye anatikisa kichwa anasema "Mwe!"

Katikati ya orodha kulikuwa na kimoja cha jalada gumu, kilichotumika, kimetoka maktaba fulani huko. Pamoja na nauli, laki mbili na elfu themanini. Bibi alikionyesha kwa kidole.

"Na hicho?"

"Hicho wanakupiga, bibi. Kwa sababu ya gamba gumu tu. Hiki cha jalada laini, cha duka hili jingine, hakifiki laki pamoja na nauli, na maneno ni yaleyale."

"Mimi nimekuja na laki tatu," alisema. "Ni za palachichi. Sitafuti za kubaki."

Wallahi alisema hivyo. Maneno hayo nayasikia mpaka leo. Na mimi, mjuzi wa bei, nikamwambia, "Bibi, laki mbili utanunulia mbolea. Unaacha hela yako kwa gamba?" Nikamwambia tena tusikurupuke, tusubiri, bei huwa zinashuka. Akasubiri kwa sababu yangu. Alhamisi mbili alishuka kutoka Lufingo kwa mvua na utelezi, tukae tuangalie kama imeshuka. Alhamisi ya pili ilikuwa imeshuka kwa elfu sita. Nikapiga makofi! Nikalipa kwa kadi ya malipo ya kwenye simu, anuani sanduku langu la posta, na bibi akanishika mikono yote miwili akanishukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, kwa Kinyakyusa kirefu nisichokielewa chote.

Kilichukua wiki saba. Jairo alikuwa amekwisha rudi Tunduma, ameacha hela kwa fundi. Hosea alimaliza kaburi la mzee, akaliwekea vigae la mtoto, akaacha nafasi ya mraba kichwani. Kila nikimwona bibi ananiuliza, "Bado?" nami namjibu, "Kipo njiani, bibi, kimepita Dubai," naye anaitikia kama vile Dubai ni Kiwira hapo jirani.

Siku posta waliponipigia nilimtumia ujumbe kwa dereva wa bodaboda wa kwao. Sikukifungua. Nilitaka akifungue mwenyewe. Alikuja amevaa gauni la kanisani, kichwani kilemba kipya. Akanawa mikono kwenye ndoo yangu ya nje, akajifuta vizuri, akakaa. Nikakata bahasha, nikampa.

Alianza kupekua kutoka nyuma. Polepole, ukurasa kwa ukurasa, ananyoosha kila mmoja kwa kiganja. Mteja aliingia kutoa kopi nikamwambia arudi baadaye. Bibi akafika mbele. Akageuza kitabu, akaanza upya.

"Najati, macho yangu. Nitafutie wewe."

Nikakichukua. Maneno. Majedwali. Ramani moja ya kuchora kwa mkono. Nikapekua haraka, nikapekua tena, mgongoni jasho linanitoka na baridi yote ile ya Tukuyu. Ndipo nikaona, ukurasa wa mbele kabisa, maandishi madogo: toleo hili la jalada laini limechapwa bila picha, msomaji atazikuta kwenye toleo la jalada gumu.

Nikaikimbilia kompyuta. Maneno hayohayo yalikuwepo pale dukani, chini ya bei, siku zote tulizokuwa tunatazama. Nilisoma bei, nikasoma nauli, nikasoma siku za safari. Hayo sikuyasoma. Nikatafuta cha jalada gumu. Kimeuzwa. Nikafungua duka jingine, na jingine, na jingine. Vimebaki vya jalada laini vitupu.

"Kuna nini, mwanangu?"

Nilimwambia. Sikumficha. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba kile alichokionyesha kwa kidole ndicho chenye picha, mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa nalia, na silii ovyo. Nikamwambia nitakitafuta mpaka kipatikane, kwa hela yangu, hata kikifika milioni. Ningekilipia, Mungu ndiye shahidi.

Bibi hakupandisha sauti. Alirudisha mkono juu ya kitabu. Kisha akasema, "Ngoja kwanza. Mwalimu Elasto alisema chini ya picha wameandika. Maneno si yapo? Nisomee waliyomwandika."

Yalikuwepo. Walioondoa picha walisahau orodha yake mwanzoni. Nikaipata: Picha ya kumi na mbili. Mtoto wa kike na beseni la mapera, Lufingo. Basi. Hata jina lake hakuna.

Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo, bibi."

"Hawakusema yukoje usoni? Amefanyaje?"

Alinitazama. Astaghfirullah, yale macho! Amevaa gauni la kanisani kwa ajili ya siku hii, amekuja kumwona mwanawe, na mimi ninachompa ni beseni. Roho iliniuma nikashindwa. Nikashusha macho kwenye kitabu kana kwamba bado nasoma.

"Wamesema, bibi. Hapa. Wamesema mtoto anacheka."

Nilidhani nitamwona anatabasamu. Aliondoa mkono juu ya kitabu.

"Anacheka?"

"Ndiyo. Anacheka sana."

"Basi si yeye," alisema.

Sikuelewa. Akaniambia taratibu, akiangalia sakafu. Asubuhi ile Tupokigwe alikataa kutoka nje. Alimwogopa yule Mzungu na mashine yake. Mama yake aliona aibu mbele ya mgeni, akamchapa fimbo mbili za miguu, akamtwisha beseni, akamsukuma mbele ya kamera. Mtoto alisimama analia mpaka mwisho, machozi yanadondoka kwenye mapera. Miaka yote hiyo alitaka kuiona picha ile, alisema, amwone vile alivyomliza, amwombe radhi usoni.

"Wangu hakucheka siku ile hata kidogo. Mwalimu alimfananisha. Mapela kila mtu alikuwa nayo."

"Bibi!" Nilimpigia magoti, pale pale kwenye sakafu. "Bibi, nimekudanganya. Hawakuandika anacheka. Hawakuandika kitu. Nimetunga mwenyewe, nilitaka kukufurahisha. Ni yeye! Nakuapia ni yeye, nitakutafutia chenye picha utamwona analia."

Alinishika kichwani, kwenye ushungi, akanipapasa.

"Ulisoma vizuli tu kwanza, Najati. Sasa unanionea huluma. Usitafute tena, usipoteze hela yako. Mwambie Hosea azibe ile nafasi."

"Bibi, wallahi..."

"Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo."

Akafunga kilemba chake vizuri, akasimama. Kitabu alikiacha mezani. Nilimfuata nacho mpaka barazani, nikamwambia angalau akichukue, ni chake, amekilipia. Alikitazama kidogo, bila kukigusa.

"Huyo anayecheka ana mama yake huko kwetu," alisema. "Ukimpata, mpe yeye. Atafulahi sana kusikia mwanawe anacheka."