Vidonge vya Baada ya Kula

Mama alipopatikana na ugonjwa wa sukari, mimi ndiye niliyemkataza ugali. Nilikuwa nimesoma kwenye simu, nikajifanya daktari. Pale kwetu Oyugis, ambako bila ugali mtu huhesabu hajala, akawa anakula samaki na mboga tu, wala hakulalamika. Kliniki ilikuwa imemwambia ameze vidonge baada ya kula.

Miezi miwili baadaye kidonda kilichomtoka mguuni kilianza kuoza. Nilipokuwa nikimpangia nguo za kwenda hospitali, nilikuta vidonge vyote kwenye pakiti, havijaguswa. Nikamfokea, mbona hakumeza.

"Tangu uninyime ugali," akaniuliza, "nimekula lini?"

Siku ya kumkata mguu, nesi alitaka kujua kama mgonjwa amekula. Nikamwambia amuulize Mama mwenyewe.