Mpangaji Anayekula kwa Kujifungia

Wanafunzi wanaoanza chuo hunijia na maswali yaleyale. Godoro linunuliwe wapi, umeme unakatika sana au kidogo, maji ya bomba yanafaa kunywa hivihivi. Nawajibu vizuri tu. Godoro usinunue kabla ya kupata chumba, maji chemsha, na sweta la mtumba lifuate asubuhi belo linapofunguliwa, wajanja hawajachambua. Halafu nami nawauliza swali moja, nao hunitazama kama nimeanza kuzeeka vibaya. Nawauliza: jioni jiko lako linakaa wapi?

Swali hilo nililiokota katika mji mdogo wa Mpemba, kando ya Tunduma, mwaka nilioanza chuo. Chuo chenyewe kilikuwa kipya, mabweni bado kuta tupu zisizo na bati, na sisi wa mwanzo tulitawanyika mitaani kutafuta vyumba. Mimi nilitoka Kamsamba, kule bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Baba aliniruhusu shingo upande. "Nitakuja kuona unapoishi," aliniambia siku napanda lori la mpunga. "Nikikuta huna pa kukaa panapoeleweka, na watu wanaokujua, unapanda gari tunarudi wote. Chuo kitakusubiri mwakani." Nilimjua baba. Kwake yeye, mwakani lilikuwa neno la kufungia mazungumzo.

Nilipata chumba kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa Mbebe, milimani huko Ileje. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinatazamana, uwanja katikati, na bomba la maji palepale uwanjani. Anayeijua Tunduma anajua bomba la uwanjani ni neema gani. Wenzangu walikuwa wanazunguka mitaa na ndoo kichwani kabla ya vipindi, mimi natoka chumbani nimevaa kandambili nachota. Nikajiona nimeula.

Kasoro ikawa baridi. Kamsamba tunalala na shuka moja, tena miguu iko nje. Mpemba mwezi wa saba upepo unapita kwenye sweta kana kwamba hukuvaa kitu, na mimi mwenyewe sweta sikuwa nalo bado. Kwa hiyo jioni nikitoka darasani nilikuwa naliwasha jiko la mkaa nje, likishika naliingiza ndani, nafunga mlango, napika na kula humohumo, miguu nimeizungushia jiko. Dirisha lilikuwa na kioo kilichomeguka pembeni, nikawa nakilaani kila siku kwa upepo kilioingiza. Leo najua ndicho kilichoniweka hai, maana hewa ya mkaa inaua bila kupiga hodi. Hilo nalo nawaambia wanafunzi, na hapo huwa sitanii.

Basi, nikaanza kuona mambo. Mwanzoni watu wa nyumba ile walikuwa wananichangamkia, hasa jirani yangu wa mlango wa pili, dada mmoja aliyekuwa anauza vitenge na kuvuka mpaka kila mara kwa shangazi zake upande wa Zambia. Alikuwa na kelele za biashara hata akiwa hauzi. Alikuwa akiniita, "Iwe, mwanafunzi, mulishani!" yaani wewe, habari zako, nami najibu Kibemba changu cha kuokoteza, tunacheka. Kisha siku moja akanisalimia kwa mkato. Kesho yake tena. Mama mwenye nyumba akawa ananiitikia huku anatazama pembeni. Watoto wa mpangaji wa mwisho, niliokuwa nawapa pipi, wakawa wanakimbia nikitokea.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Kitu kikinikaa kichwani siwezi kulala, na kuuliza moja kwa moja niliona aibu, kwa hiyo nikaanza kuchunguza kama vile nimepewa kazi ya darasani. Wazo langu la kwanza lilikuwa salamu. Kwetu msichana anampigia mkubwa goti, yanaisha. Pale niliona wanawake wanachuchumaa na kupiga makofi taratibu, viganja vimebonyea kidogo, sauti inatoka ya chini. Nikajifunza. Nikamfuata mama mwenye nyumba asubuhi, nikachuchumaa, nikapiga makofi kwa adabu zangu zote. Akaitikia vizuri, akaendelea kuchambua maharage, wala hakuniambia karibu.

Nikahamia kwenye maji. Labda nilikuwa nachota kabla ya zamu, labda ndoo yangu ilikuwa inakaa vibaya bombani. Nikaanza kuchota wa mwisho, nikasugua na sakafu ya bomba bila kuambiwa. Hakuna kilichobadilika. Nikasema basi ni redio. Nikaizima kabisa, nikawa nasoma kimya kama mtawa, na bado nikipita mazungumzo yanakatika.

Ndipo nikapata jibu ambalo niliona ni la uhakika: harufu. Mama yangu alikuwa amenifungashia samaki wakavu wa Rukwa, kambale waliobanikwa kwa moshi hadi wakawa weusi, na mtu ambaye hajawazoea anaweza kuona kuna kitu kimefia chumbani. Nilifurahi kwa kuligundua hilo. Nikawa nafunga mlango mapema zaidi, na chini ya mlango nikachomeka kanga kuukuu, harufu isipite hata chembe. Nilijiona mstaarabu sana.

Wiki hiyohiyo mama mwenye nyumba aliniita. Alikuwa anafagia, hakuacha kufagia. "Binti, mwisho wa mwezi nitakihitaji chumba changu."

"Nimekosa nini, mama?"

"Nakihitaji tu."

Nilirudi ndani. Vyumba vya karibu na chuo vilikwisha siku nyingi. Na kama hiyo haikutosha, jioni baba akapiga simu kwa kutumia simu ya dereva wa lori la mpunga. Jumamosi wanaleta mpunga Tunduma, akimaliza kushusha atapita kwangu. Nililia, siwezi kuficha. Nilijiona nimeshakaa juu ya magunia matupu, narudi bondeni, nikiulizwa na kila mtu njiani kama chuo kimeisha haraka namna hiyo.

Kesho yake nikaona aibu yenyewe ni anasa. Nilimfuata yule dada wa vitenge, nikamkuta mlangoni kwake anakunja mali. Nikamwambia waziwazi, "Dada, nafukuzwa na sijui kosa langu. Niambie hata kama ni baya."

Akaweka kitenge chini. "Unakula nini humo ndani?"

"Wali. Na samaki."

"Samaki tu?"

"Sasa kingine nikitoe wapi?"

"Iwe," akasema, sauti ameishusha, "hapa mtu akila hafungi mlango. Hata kama ni ugali na chumvi, mlango uko wazi, anayepita anakaribishwa. Atasema ameshiba, atapita, lakini amekaribishwa. Wewe unaingia na jiko, unafunga, tena tunaona unaziba na chini. Mtu akijifungia na chakula, watu wanajiuliza anakula na nani."

Nilielewa kwamba walinidhani mchawi, na nilielewa kwa nini watoto walikuwa wanakimbia. Lakini pia, nisiseme uongo, nilitaka kucheka. Kwetu hakuna anayekula ndani, joto haliruhusu. Tunakula uwanjani, baba na wanaume kule, sisi na mama huku, kuku katikati. Mlango ni wa kulalia tu. Kwa hiyo hakuna hata siku moja mtu alikaa akanifundisha kwamba mlango una adabu zake wakati wa kula. Nikamwambia dada, "Mimi nilikuwa naona baridi." Akaniangalia, akarudia, "Baridi," kama mtu aliyetajiwa ugonjwa ambao hajawahi kuusikia. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikaudhika kidogo, maana yalikuwa maisha yangu yaliyokuwa yanachekwa.

Jioni ile nililitoa jiko nje. Wanawake walikuwa barazani, kila mmoja na jiko lake, wamepangana. Nilivaa magauni mawili, nikajifunga kanga kichwani, nikakaa mwisho wa mstari meno yanagongana. Niliwaloweka kambale kwenye maji ya moto, nikawatoa miiba mikubwa, nikakaanga kitunguu na nyanya, nikamimina karanga za kutwanga, nikawarudisha.

Aliyeanza alikuwa mama mmoja ambaye hatukuwahi kuzungumza. "Huyo samaki mbona mweusi hivyo?" Nikamweleza habari ya moshi na kuni. Mwingine akauliza kama hatoi uchungu. Mwingine akataka kujua Rukwa kuna mamba kweli. Nikawaambia mamba wapo, na mwaka mmoja walimla ndama wetu. Nikajikuta nasimulia. Chakula kilipoiva nikasema "karibuni" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nao wakasema wameshiba, wote, kama nilivyoambiwa. Ila mama mwenye nyumba alinyanyuka, akaja akachungulia sufuria. Akanyoosha kiganja. Nikamwekea kipande na mchuzi. Alikula taratibu, akitazama juu kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha akasema, "Kumbe ni samaki tu," akaenda kunawa.

Kuhusu chumba hakusema neno. Siku zilizofuata nilipika nje, nikala nje, nikatetemeka nje. Yule dada alinipa mavazi ya watu wa mpakani, vitenge viwili mgongoni na soksi za kiume. Watoto walirudi. Lakini kumuuliza mama mwenye nyumba niliogopa, nisije nikamkumbusha.

Jumamosi baba alikuja na vumbi la mpunga kwenye nyusi. Nilipiga goti, nikapokea gunia dogo la mchele alilobeba. Alikataa kukaa chumbani, akasimama mlangoni akachungulia kitanda, ndoo, vitabu, akarudi uwanjani. Mama mwenye nyumba alimwekea kigoda na kumletea ugali na maharage. Baba alikula yote. Nikawa nimesimama karibu na bomba, najifanya nasuuza kikombe ambacho kilishasuuzika.

Alipomaliza kunawa akamgeukia mama mwenye nyumba. "Mama, mimi sina maneno mengi. Huyu binti yangu anaishije na watu?"

Nilisimamisha kikombe. Angeweza kusema lolote, na lote lingekuwa kweli. Aliangalia mikono yake, akaokota ganda la haragwe kwenye gauni lake.

"Anakula na sisi," mama akasema.

Baba akatikisa kichwa kukubali. "Basi."

Yakawa yameisha. Nilitaka kuruka, nilitaka kumkumbatia yule mama na maharage yake. Nikamsindikiza baba hadi barabarani, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, na lori lao limeegeshwa mbele kidogo. Nilikuwa naongea bila kupumua, masomo, walimu, maji ya uwanjani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akaweka mguu kwenye ngazi ya lori, akasita.

"Mama yako amekitandika kitanda chako," akasema. "Tangu juzi. Alijua narudi na wewe."

Sikuwa nimemfikiria mama hata mara moja. Wiki zile zote nilikuwa nahangaika nisirudishwe, na haikunijia kabisa kwamba huko ninakokukimbia kuna mtu anayenisubiri. Roho iliniuma pale pale, katikati ya furaha yangu.

"Nimwambie nini?" baba akauliza, na safari hii aliuliza kweli, si kwa ukali wake.

"Mwambie huku kuna baridi."

Lori la mpunga lililofuata lilinishushia fuko. Ndani mlikuwa na shuka za kitanda kile, zimefuliwa na kukunjwa, na mto wangu. Blanketi hapakuwa nalo. Kamsamba mama blanketi angelinunua wapi? Nilizitandika zote kwa pamoja, moja juu ya nyingine, nikalala.